Mawimbi Yaliyoliwa na Kioo: Kisa cha Kamera ya Gari na Antena ya Nje

Mwenye gari alikuja na ombi lililo wazi: afungiwe antena kubwa kwenye kamera ya dashibodi ili waifai yake ifike nyumbani. Gari hulala uani, mita 25 hivi kutoka ilipo ruta. Kamera ni ya aina inayolinda gari hata likiwa limezimwa: likiguswa inaamka, inarekodi, inajiunga na ruta ya nyumbani na kutuma kipande cha video kwenye simu ya mwenyewe. Ilikuwa inafanya nusu tu ya kazi hiyo. Picha ndogo ya tahadhari ilifika, wakati mwingine kwa kuchelewa, video haikufika. Usiku mmoja mtu aliukwaruza ubavu wa gari. Tahadhari ikaja, video ikakwama njiani, na mwenyewe alipokuja kutoa memori kadi baadaye, kipande kile kilikuwa kimekwisha kufutwa. Folda ya matukio ilikuwa imejazwa na mitikisiko ya mashimo ya barabarani, na folda hiyo ikijaa, tukio la zamani hulipisha jipya.

Uchungu wake naufahamu. Mtu anaifunga kamera ya namna hii kwa ajili ya usiku kama ule, na usiku ule ukifika bila video, gharama yote imepotea.

"Mawimbi yapo kamili, fundi," aliniambia, akinionyesha alama kwenye skrini ya kamera. "Kilichobaki ni antena tu." Kwa kuwa alama zilikuwa kamili na video haipiti, nilikataa kufungua chochote kabla ya kupima.

Ruta inasikia nini?

Alama za kwenye skrini zinaeleza jinsi kamera inavyoisikia ruta. Video lakini husafiri upande wa pili, kutoka kamera kwenda ruta. Ruta ina umeme wa ukutani na antena ndefu zilizosimama wima. Kamera ina antena ya milimita chache iliyobanwa ndani ya plastiki, karibu na bati la paa. Ruta inasikika vizuri kwa kamera, kamera inasikika vibaya kwa ruta, na alama zinabaki zimejaa. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika kipo kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta, penye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ruta nyingi huandika pale nguvu ya kila kifaa kwa dBm, yaani desibeli ukilinganisha na miliwati moja.

Namba hizo ni hasi, na zikikaribia sifuri ndiyo nafuu. Kwenye -50 mawasiliano ni ya raha. Karibu na -67 video bado inapita bila shida. Ukishuka kwenye -80 vifaa vinaanza kupunguza kasi ili visikilizane, na kwenye -90 ujumbe unazama kwenye kelele. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu, desibeli 10 ni sehemu ya kumi, na mahali pa wazi desibeli 6 zinazoongezeka hukupa umbali mara mbili.

Kabla ya kusoma chochote niliitoa ruta nyuma ya kabati la televisheni na kuiweka karibu na dirisha linalotazama uani. Hilo ni jambo la bure, na lilisogeza namba kwa desibeli chache. Kisha nikasoma: kamera ikiwa mahali pake, kwenye kioo cha mbele, ruta iliisikia kwa -82 hivi, ikiyumba.

Hapo ndipo sababu ya picha kupita na video kukwama ilipoonekana. Dakika moja ya video iliyorekodiwa kwa megabiti 15 kwa sekunde ina uzito wa zaidi ya megabaiti 110. Kiungo kati ya kamera na ruta kikiwa na afya, kinachobeba megabiti 20 halisi kwa sekunde, kipande hicho kinaisha ndani ya dakika moja. Kiungo kilichonyong'onyea mpaka megabiti 1 kinahitaji robo saa, na kamera nyingi katika hali ya maegesho huzima waifai mapema kuliko hapo ili kulinda betri ya gari. Picha ya tahadhari ni ndogo, inapenya. Video inakatwa ikiwa njiani.

Desibeli zilipotelea wapi

Nilichukua karatasi. Kwa waifai ya gigahezi 2.4, nafasi tupu ya mita 25 inapoteza desibeli 68 hivi. Tukikadiria kamera inatoa 15 dBm, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa kifaa kidogo, na antena ya ruta inaongeza desibeli 2 au 3, ruta ingepaswa kuisikia kamera karibu na -50. Ukuta na dirisha la nyumba vikitoa desibeli kumi hivi, tunafika -60. Sisi tulikuwa -82. Desibeli 20 na ushee hazikuwa na maelezo, maana yake sehemu 99 kati ya 100 za nguvu iliyotarajiwa zilikuwa zinapotea mahali fulani. Antena iliyo dhaifu kiwandani inaweza kukunyima desibeli tatu, nne, pengine tano. Haikunyimi ishirini.

Jaribio lililofuata halikuhitaji hata bisibisi. Nilishusha kioo cha mlango upande unaotazama nyumba: namba ikapanda kidogo tu. Nikaitoa kamera kwenye kishikio, nikaipa umeme wa pawabenki, nikaishika nje ya kioo cha mbele, juu ya boneti, karibu kabisa na pale ilipokuwa imebandikwa: -63. Kamera ileile, antena ileile, umbali uleule, na tofauti ya desibeli 19 ambayo inatokana na kioo tu. Pawabenki ilikuwa na faida ya pili, kwani baadhi ya adapta za gari zina kelele ya umeme inayozidisha ugumu wa mapokezi. Niliirudisha kamera ndani ikiwa bado kwenye pawabenki, na namba ikarudi chini kama awali. Adapta haikuwa na kosa.

Vioo vya mbele vya baadhi ya magari ya siku hizi vina utando mwembamba wa chuma unaorudisha joto la jua. Jicho haliuoni, pengine utaona rangi hafifu ya zambarau au kijani ukitazama kwa pembe. Mawimbi ya redio yanauona kama bati. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana vioo hivyo huachwa na kidirisha kisicho na utando, mara nyingi nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma, chenye vidoti vyeusi pembeni, kwa ajili ya vifaa vya kulipia ushuru wa barabara na vihisi vya gari. Dawa ya kwanza ya tatizo hili ni kuihamishia kamera kwenye kidirisha hicho. Hapa haikuwezekana: pamejaa kihisi cha mvua na kamera ya gari lenyewe inayosoma mistari ya barabara, na hizo haziguswi.

Mwenyewe alikuwa amekuja na antena aliyonunua tayari, fimbo ndefu yenye maandishi makubwa ya desibeli na kebo nyembamba ya mita 3. Niliijaribu mbele yake, maana mtu aliyelipia kitu anastahili kuona kwa macho. Baada ya kuifungua kamera, kwa namna nitakayoeleza chini, niliiunganisha na kuisimamisha ndani ya gari, juu ya dashibodi. Namba ilitoka -82 ikaenda -84. Antena mpya ilikuwa bado imefungiwa nyuma ya utando uleule, na kebo yake ilikuwa inakula zaidi ya kile ambacho fimbo iliongeza.

Kebo

Nakaa hapa kwa muda kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi za namna hii zinapoharibikia. Kebo nyembamba ya milimita 1.13, ile inayokuja na antena ndogo, inapoteza zaidi ya desibeli 3 kwa kila mita kwenye gigahezi 2.4. Mita 3 ni desibeli 10: katika kila sehemu kumi zilizoingia, moja ndiyo inayofika kwenye antena. Na hasara hiyo inalipwa mara zote mbili, wakati wa kutuma na wakati wa kupokea. Kebo ya aina ya RG-174, unene wa milimita 2.8, inapoteza karibu desibeli 2 kwa mita. LMR-100 ina unene uleule lakini hasara yake ni 1.28 kwa mita. LMR-200 inashuka hadi 0.55, ila ina unene wa milimita 5 na haipendi kukunjwa kwenye kona za dari la gari.

Ndiyo maana maandishi makubwa kwenye pakiti ya antena hayaniambii kitu mpaka nione kebo yake. Antena ya desibeli 2 kwenye kebo nzuri inaishinda antena ya desibeli 9 kwenye mita 3 za uzi mwembamba.

Mahali pa antena nilipatafuta kwa simu yenye programu ya kupima waifai, nikiizungusha ndani ya gari, mlango kwa mlango, huku ruta ikiwa chanzo. Vioo vya pembeni havikuwa na utando. Kioo cha nyuma kilikuwa na nyaya za kuondoa ukungu, ambazo nazo huvuruga mawimbi. Palipofaa ni kioo kidogo kisichofunguka cha mlango wa nyuma, upande unaotazama nyumba. Ubaya wa kioo cha mlango ni kwamba kebo lazima ipite kwenye bawaba na kukunjwa kila mlango unapofunguliwa, kwa hiyo antena, safari hii ya bapa, niliibandika pembezoni mwa kioo kile lakini upande wa bodi ya gari, kwenye plastiki ya nguzo, inapochungulia nje kupitia kioo bila kugusa mlango.

Kuweka antena ya sumaku juu ya paa kungetoa namba nzuri zaidi, sina shaka. Paa la bati ni msingi bora kwa antena fupi ya wima, ambayo kwa gigahezi 2.4 inahitaji sentimita 3 tu kwenda juu. Lakini kebo yake ingepita kwenye mpira wa mlango, ikibanwa kila siku, ikipitisha maji ya mvua, na antena yenyewe ingemwonyesha kila mpita njia kwamba ndani kuna kitu cha kuibwa. Kwa gari linalolindwa dhidi ya wezi, niliona desibeli mbili tatu za ziada hazistahili hilo.

Hesabu ya mpango ikawa hivi. Kamera ikiwa nje ilisomeka -63. Tunatoa 3.2 za LMR-100 ya mita 2.5, tunatoa nusu desibeli ya konekta, tunatoa 2 au 3 za kioo cha kawaida na nguzo, tunaongeza 2 za antena bapa. Tunategemea -67 au -68.

Ndani ya kamera

Kufungua kamera kunaua dhamana yake, na nilimwambia hivyo mwenyewe kabla ya kugusa kifuniko. Umeme ulitolewa, memori kadi ikatolewa, kisha kamera ikaachwa itulie, kwa sababu nyingi za kamera hizi hutumia kapasita kubwa badala ya betri, na kapasita hushikilia chaji baada ya waya kuchomolewa.

Kamera hii ilikuwa na bahati ya muundo: antena yake ni karatasi ya shaba iliyobandikwa ndani ya kifuniko, iliyounganishwa na bodi ya saketi ya kamera kwa konekta ndogo ya kubonyeza ya aina ya U.FL. Konekta hiyo inatolewa kwa kuinuliwa wima, si kwa kuvutwa waya, na imetengenezwa kuhimili kufunguliwa na kufungwa mara 30 tu. Siyo kitu cha kuchezea. Niliitoa, nikaweka kipande kifupi cha kebo nyembamba cha sentimita kumi kinachoishia kwenye konekta ya SMA iliyokazwa ubavuni mwa kamera. Sentimita kumi za uzi mwembamba zinagharimu theluthi ya desibeli. Hapo haina neno.

Kamera nyingine hazina konekta hiyo. Antena yao ni chipu ndogo ya kauri iliyolehemiwa kwenye ukingo wa bodi. Fundi asiye makini hulehemu kebo ya antena mpya pale pale na kuiacha chipu ikiwa hai. Antena mbili za omu 50 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiwa sambamba zinakuwa omu 25: asilimia 11 ya nguvu inarudi ilikotoka, na inayobaki inagawanyika, nusu kwenye antena mpya, nusu kwenye ya zamani iliyo nyuma ya kioo. Antena mpya inapata asilimia 44. Kabla hujaunganisha ya pili, ya kwanza lazima ikatwe, kwa kutoa kijisehemu kidogo kinachoilisha chipu. Baadhi ya bodi zina kipingamizi cha omu sifuri kinachohamishwa kutoka njia moja hadi nyingine kwa ajili hiyo hasa.

Kwenye SMA kuna mtego mmoja. Zipo SMA za kawaida na zipo RP-SMA, ambazo ncha ya katikati imegeuzwa. Zikikutanishwa zinakazana vizuri kwa nati, mkono haugundui kitu, lakini katikati ama hakuna kinachogusana ama ncha mbili zinasukumana na kuvunjika. Tazama katikati ya kila konekta kabla ya kukaza.

Kisheria, nchi nyingi huwekea kikomo nguvu inayotoka kwenye antena, ikiwa imeshahesabiwa pamoja na ongezeko la antena yenyewe. Ulaya kikomo hicho ni miliwati 100 kwenye gigahezi 2.4. Katika kazi hii kebo inakula zaidi ya kile antena inachoongeza, hivyo nguvu inayotoka haikuzidi ile ya awali. Kipaza nguvu cha umeme nilikikataa kwa sababu hiyo na kwa nyingine: vingi vinasukuma upande wa kutuma na kuongeza kelele upande wa kupokea, wakati antena iliyowekwa mahali pazuri inasaidia pande zote mbili kwa kiasi kilekile.

Njia ya kebo na matokeo

Hili sitalisema kwa upole. Kwenye nguzo za kioo cha mbele na kando ya dari za magari mengi kuna mifuko ya hewa ya pazia. Mfuko ukilipuka hufunguka kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na kebo iliyopitishwa mbele yake inageuka kuwa kamba inayorushwa usoni mwa abiria au inazuia mfuko kufunguka. Kebo niliipitisha katikati ya dari, mbali na kingo, na pale ilipolazimika kuvuka kwenda kwenye nguzo ya nyuma niliipitisha nyuma ya mfuko na kuifunga kwenye waya za gari zilizopo. Yeyote anayeona ni haraka kupenyeza waya kwenye ukingo wa dari kwa kidole aache kwanza aangalie kama pana maandishi ya mfuko wa hewa.

Antena bapa niliisimamisha wima kama zilivyo antena za ruta. Nilipoilaza ili nione tofauti, namba ilishuka. Nadharia inasema hasara ya kulalia upande ni desibeli 20 au zaidi mahali pa wazi. Uani, penye kuta zinazorudisha mawimbi kila upande, ni pungufu ya hapo, lakini hakuna sababu ya kuitoa bure.

Ruta ilisoma -69. Nilitegemea -67 au -68, kwa hiyo desibeli moja au mbili zimebaki kwenye nguzo au konekta, na sikuona haja ya kuzifukuza. Niliiacha kamera kwenye gigahezi 2.4, kwani gigahezi 5 ingepoteza desibeli 7 hivi zaidi kwa umbali uleule kwenye antena za aina hiyo. Upana wa chaneli kwenye ruta niliushusha kutoka megahezi 40 hadi 20, jambo linalopunguza kelele kwa desibeli 3 na kuacha nafasi kwa majirani. Nikagonga bampa kwa kiganja. Tahadhari ilifika, na video ikaifuata kabla mwenyewe hajarudisha simu mfukoni.

Kazi mbili zisizohusu antena zilifanyika siku hiyohiyo. Kihisi cha mtikisiko kilipunguzwa ukali wakati wa kuendesha, ili mashimo ya barabarani yasijaze tena folda ya matukio. Na nywila ya waifai ya kamera yenyewe, iliyokuwa 12345678 tangu kiwandani, ilibadilishwa pamoja na jina la mtandao lililokuwa likitangaza modeli ya kamera. Kabla ya hapo kioo kilikuwa kinawazuia wapita njia kama kilivyomzuia mwenyewe. Sasa mtandao wa kamera unasikika hadi barabarani, na mwenye nywila ya kiwandani angeweza kufungua kila video iliyomo.

Imebaki dosari moja ambayo inatokana na mahali pa antena. Gari likiegeshwa kwa kugeuzwa, upande wa pili ukitazama nyumba, namba inashuka hadi -76 kwa sababu mwili mzima wa gari umesimama katikati. Aliuliza kama antena ya pili upande ule mwingine ingeondoa hilo. Kamera ina mlango mmoja tu wa antena. Kigawanyi kingekata nusu ya nguvu kwa kila upande, kebo ya pili ingetaka sehemu yake, na -69 ingekuwa -73 siku zote ili kuokoa siku chache. Kwa sasa anaingiza gari uani kinyumenyume.